Ukikamatwa Marekani kwa Kuendesha Gari Umelewa: Kosa Moja, Kesi Tatu

Ninafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili katika mahakama za Marekani, na Jumatatu asubuhi naijua vizuri. Huletwa mtu ambaye Jumamosi alikuwa harusini, suti na tai, akicheza na mashemeji. Leo kavaa sare ya jela, pingu mkononi. Kabla hakimu hajaingia ananinong'oneza: "Kaka, nikikubali kosa nitatoka leo?"

Siruhusiwi kumjibu. Kiapo cha mkalimani kinanitaka nitafsiri yanayosemwa, nisiongeze wala nisipunguze, na ushauri niwaachie mawakili. Hapa simzungumzii mtu yeyote niliyemtafsiria. Naeleza sheria iliyo wazi kwa kila mtu, ili swali lile lipate jibu kabla ya Jumatatu. Na jibu ni kwamba huenda kweli ukatoka leo. Lakini kukubali kwa dakika tano kunaweza kukusubiri kwenye ofisi ya uraia miaka minne baadaye.

Watu wetu wengi huona kesi moja, ile ya mahakamani. Ziko tatu. Ya kwanza ni ya jinai, mbele ya hakimu. Ya pili ni ya leseni, na hiyo iko mikononi mwa idara ya leseni, si mahakama. Ya tatu, kama hujawa raia, ni ya uhamiaji. Kila moja ina ofisi yake, sheria zake na saa yake inayohesabu. Unaweza kushinda moja ukaanguka nyingine.

Niseme na hili mapema: sitetei ulevi barabarani. Mwaka 2022 zaidi ya watu 13,000 walikufa nchini Marekani katika ajali ambazo dereva mmojawapo alikuwa amevuka kiwango cha pombe kinachoruhusiwa. Wengine ni wa kwetu, na misiba yao tumeikalia. Lakini aliyekosa naye ana haki ya kujua anashtakiwa nini, na familia yake haikukosa.

Jua kwanza unashtakiwa nini

Jina la kosa hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Sehemu nyingi ni DUI. Texas, New York na Minnesota huita DWI, Iowa na Indiana OWI, Maine na Massachusetts OUI, na Ohio OVI. Uzito nao hutofautiana: New Jersey inalihesabu kosa la barabarani, si jinai, na Wisconsin kwa kawaida hutoza faini bila jela kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ushauri wa binamu yako aliyepatwa na kesi Wisconsin usiupeleke Texas.

Mashtaka husimama kwa miguu miwili. Mguu mmoja ni namba: kilevi katika damu kikifika 0.08, yaani gramu 0.08 katika mililita 100 za damu, umevunja sheria hata kama ulikuwa unaendesha umenyooka kama rula. Utah peke yake ilishusha hadi 0.05, kuanzia tarehe 30 Desemba 2018. Mguu wa pili ni hali yako: hata ukiwa chini ya namba hiyo, mwendesha mashtaka anaweza kudai kwamba pombe au dawa ilikupunguzia uwezo wa kuendesha. Wengi hushtakiwa kwa yote mawili kwa pamoja, wakadhani wamefanya makosa mawili.

Aliye chini ya miaka 21 hupimwa kwa kipimo kikali zaidi. Kiwango chake ni chini ya 0.02, na yapo majimbo yasiyokubali hata tone. Dereva wa lori akiwa kazini, kiwango chake ni 0.04. Nitawarudia madereva wa lori, maana ni wengi miongoni mwetu na msumeno huu huwakata zaidi.

Pombe si kila kitu. Bangi ni halali katika majimbo kadhaa, lakini hakuna jimbo linalokuruhusu kuendesha ukiwa umelewa bangi. Dawa za usingizi, za maumivu, hata za kikohozi zikikulegeza zinaweza kukufikisha mahakamani, na karatasi ya daktari si kinga. Na kwa wale wanaotafuna mirungi wakidhani ni majani tu: kemikali iliyomo kwenye mirungi mibichi iko kwenye kundi la juu kabisa la dawa zilizopigwa marufuku na serikali kuu ya Marekani. Hapo kesi ya barabarani hugeuka kesi ya dawa za kulevya, na kwa uhamiaji hilo ni jambo jingine kabisa.

Tena, gari si lazima liwe linatembea. Mtu ametoka sherehe, ameona amezidiwa, akasema "wacha nilale kidogo kwenye gari." Akaketi kiti cha dereva na kuwasha injini kwa ajili ya joto, maana ni Januari. Katika majimbo mengi huyo anahesabiwa kuwa na gari chini ya udhibiti wake, na atakamatwa. Ukilazimika kulala garini, kaa kiti cha nyuma, injini izimwe, ufunguo uwe mbali nawe. Hata hivyo si kinga ya uhakika. Kumpigia mtu simu aje akuchukue ni bora.

Hesabu ya asubuhi

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanaponaswa watu ambao hawajifikirii kabisa kuwa walevi.

Kipimo kimoja cha pombe Marekani ni bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au mvinyo mililita 148, au pombe kali mililita 44. Chupa ya nusu lita tuliyoizoea nyumbani tayari imezidi kopo la hapa. Na wiski inayomiminwa kwa macho kwenye sherehe zetu, mwenyeji akiona aibu kukupa kidogo, hujaza vipimo viwili au vitatu katika glasi moja. Ukisema "nilikunywa glasi mbili tu," mwilini zinaweza kuwa sita.

Ini hupunguza kilevi kwa wastani wa 0.015 kila saa. Kahawa hailiongezei kasi, wala maji baridi, wala supu ya mbuzi. Sasa piga hesabu: mtu anaondoka ukumbini saa nane usiku akiwa na 0.16. Anaendeshwa na mkewe, analala vizuri, anaamka saa moja asubuhi kwenda kazini. Zimepita saa tano, zimetoka 0.075. Amebaki na 0.085. Ameoga, amepiga mswaki, anajiona mzima, na kisheria bado amelewa.

Taa za bluu zikikuwakia nyuma

Kule kwetu, ukisimamishwa na trafiki, unashuka, unamsogelea, unamsalimia, mnazungumza kando. Hapa usishuke. Simama pembeni pa usalama, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono juu ya usukani mpaka uambiwe vingine. Askari wa hapa humwona mtu anayeshuka bila kuambiwa kama hatari.

Na lile la "tuelewane" ling'oe akilini kabisa. Kumpa askari noti, hata kwa kuichomeka tu ndani ya leseni, ni rushwa, na rushwa ni kosa kubwa kuliko lile lililokusimamisha. Kamera imewaka kifuani pake na kwenye gari lake.

Atakuomba leseni, usajili wa gari na bima. Toa. Jina lako la kweli, toa. Kisha atauliza kwa sauti ya kirafiki: unatoka wapi, umekunywa? Karibu kila mtu hujibu "bia mbili." Sentensi hiyo huandikwa kwenye ripoti na kusomwa mahakamani. Huna wajibu wa kuijibu. Katiba inakulinda usijishuhudie mwenyewe. Mwambie kwa heshima kwamba hujibu maswali bila wakili. Usidanganye, kwani uongo ni mbaya kuliko kimya.

Usingoje usomewe haki zako kama kwenye sinema. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba maswali ya kawaida ya barabarani, kabla hujakamatwa rasmi, hayahitaji onyo lile. Utakachosema kabla ya pingu kinaweza kutumika.

Baadaye huja majaribio ya kando ya barabara: kufuata kalamu kwa macho, kutembea hatua tisa kisigino kwa ncha ya kiatu kisha kugeuka, na kusimama kwa mguu mmoja huku ukihesabu kwa takriban sekunde thelathini. Maelekezo ni marefu na hutolewa kwa Kiingereza cha haraka. Ukianza kutembea kabla hajamaliza kueleza, hiyo ni alama dhidi yako; ukigeuka kinyume na alivyosema, alama nyingine. Mtu asiyeelewa lugha anaweza kushindwa bila kuonja pombe. Na sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa "ndiyo bwana" hata kama hatujaelewa, kwa adabu. Hapa adabu hiyo inakuumiza. Sema huelewi, sema unazungumza Kiswahili, omba mkalimani. Kama una goti bovu au jeraha la vita mguuni, na wapo wengi walioyabeba kutoka Kivu, litaje kabla ya kuanza.

Katika majimbo mengi majaribio haya ni ya hiari. Unaweza kuyakataa kwa upole bila kupoteza leseni kwa sababu hiyo, ingawa askari anaweza bado kukukamata kwa mengine aliyoyaona.

Kupuliza au kukataa

Kipimo cha kituoni, kile cha kupuliza pumzi kwenye mashine au kutolewa damu, ni habari nyingine. Siku ulipopewa leseni ulikubali, pengine bila kusoma, kwamba ukikamatwa kihalali kwa ulevi utapimwa. Majimbo yote 50 yana sheria ya aina hii. Ukikataa unaadhibiwa kwa kukataa kwenyewe, kwa kawaida kwa kunyang'anywa leseni kwa muda mrefu kuliko aliyepuliza akapatikana amezidi. New York huifuta kwa angalau mwaka mmoja na kukutoza dola 500, hata kama mahakama itakuachia. Minnesota kukataa ni kosa la jinai lenyewe.

Damu ina ulinzi zaidi. Katika kesi ya Birchfield dhidi ya North Dakota, mwaka 2016, Mahakama Kuu ilisema polisi wanaweza kukupima pumzi baada ya kukukamata bila kibali cha hakimu, lakini kuchoma sindano ni kuingilia mwili, na mtu hawezi kushtakiwa kwa jinai kwa kukataa sindano isiyo na kibali. Wakija na kibali, usipambane. Watachukua, na kupambana kutazaa shtaka jipya.

Je, upulize au ukatae? Hakuna jibu linalomfaa kila mtu, na anayekupa jibu moja kwa wote hajui sheria ya majimbo. Kama hukunywa, au ulionja kidogo saa nyingi zilizopita, pumzi yako ndiyo shahidi wako. Omba kuzungumza na wakili kwanza. Majimbo mengine huruhusu simu fupi. Mengine hayaruhusu, na ukiendelea kuvuta muda wataandika kwamba umekataa.

Simu, dhamana na kundi la WhatsApp

Simu za jela hurekodiwa. Usidhani Kiswahili ni siri. Wala Kirundi, wala Kibembe. Rekodi hupelekwa kwa mkalimani, na yale uliyomweleza mkeo ukilia yatasomwa kwa Kiingereza mbele ya hakimu. Mwambie uko wapi, watoto wachukuliwe na nani, wakili atafutwe. Mengine yasubiri. Simu ya wakili wako ndiyo yenye kinga.

Nyumbani, kundi la kuchangisha dhamana litafunguliwa kabla hujamaliza kupigwa picha. Umoja huo ni kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuja navyo, lakini anayeandika ujumbe wa kuomba mchango ataje kiasi tu. Asisimulie alikunywa nini, na nani, wapi. Kundi lina watu mia mbili na picha za skrini hutembea.

Kabla dhamana ya asiye raia haijalipwa, wakili aulizwe jambo moja: je, maofisa wa uhamiaji wameweka ombi la kumshikilia? Alama za vidole zinazochukuliwa jela hufika kwao moja kwa moja. Ombi likiwepo, jela inaweza kumbakiza hadi saa 48 ili wamchukue, na pesa ya mchango ikalipwa bila yeye kurudi nyumbani. Wakati mwingine bado ni sahihi kulipa, wakati mwingine si sahihi. Uamuzi huo ufanywe na mtu anayeijua hali yake ya uhamiaji.

Karatasi ya leseni ambayo watu huitupa

Ukitoka utapewa karatasi. Imejaa maandishi madogo, na wengi huikunja mfukoni wakingojea siku ya mahakama. Isome leo. Mara nyingi ndiyo leseni yako ya muda, na ndani yake mna tarehe ya mwisho ya kuomba usikilizwe kuhusu leseni. California inakupa siku 10 tangu kukamatwa. Texas siku 15 tangu upewe taarifa. Siku ya kwanza ya mahakama inaweza kuwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo anayesubiri hakimu hupoteza leseni kimyakimya, bila hata kusikilizwa.

Ombi lenyewe si gumu: simu au fomu kwa idara ya leseni, ambayo kwingi ni DMV, na Ohio, Indiana na Maine ni BMV. Kuomba tu huweza kusimamisha kufungiwa mpaka usikilizwe. Wakili atapata pia nafasi ya kumhoji askari au kuiona ripoti mapema. Ukishindwa, uliza leseni ya masharti ya kukupeleka kazini, shuleni na hospitali.

Leseni ikishafungiwa, usiendeshe. Hata mtaa mmoja. Hata kumpeleka mtoto kliniki. Mwaka 1999 bodi ya rufaa ya uhamiaji iliamua, katika kesi iliyotoka Arizona, kwamba kuendesha umelewa huku ukijua huruhusiwi kuendesha ni kosa la uovu wa tabia, aina ambayo inaweza kumfukuzisha mtu nchini. Kosa dogo limepanda daraja kwa sababu ya safari ya dakika kumi.

Mbele ya hakimu: kukana si kusema uongo

Sasa turudi kwenye kile kiti cha Jumatatu.

Hakimu atasoma shtaka na kukuuliza unajibu nini. Mtu aliyelelewa kanisani au msikitini, anayejua moyoni kwamba alikunywa, huona kusema "not guilty" ni kumdanganya hakimu na Mungu. Hilo limewapeleka watu wazuri kukubali mambo wasiyoyaelewa. Nieleze maneno hayo yanabeba nini katika sheria ya hapa: hayasemi "sikunywa." Hukuapishwa. Yanamwambia mwendesha mashtaka, wewe uliyenishtaki, thibitisha. Kila mshtakiwa ana haki ya kudai hivyo, na hakimu hakasiriki. Siku hiyo ya kwanza ndilo jibu ambalo mawakili wengi huwapa wateja wao wote. Linafungua muda wa wakili kuiona video na kuuliza kwa nini ulisimamishwa, mashine ilikaguliwa lini, na kama ulichunguzwa muda unaotakiwa kabla ya kupuliza. Baadaye bado unaweza kukubali, tena kosa dogo zaidi na kwa masharti unayoyajua. Ukianza na kukubali, kurudi nyuma ni vigumu mno.

Huna pesa ya wakili? Mwaka 1963 Mahakama Kuu ilimpa haki hiyo Clarence Earl Gideon, mtu maskini wa Florida aliyeandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani, na mwaka 1972 ikaipanua hadi makosa madogo yanayomfunga mtu jela. Sema huna uwezo, utajaza fomu ya kipato. Usimdharau wakili wa serikali kwa kuwa ni wa bure. Wengi wao huwaona mahakimu walewale na waendesha mashtaka walewale kila siku, na wanajua yupi hukubali nini. Tatizo lao ni wingi wa kesi, kwa hiyo njoo na karatasi zako zimepangwa.

Omba mkalimani hata kama Kiingereza unakijua cha kazini. Cha mahakamani ni kingine. Na taja lugha yako kwa usahihi. Kiswahili cha Bukavu si cha Dar. Mimi nikisema wakili na hakimu, Wakongomani wengi wanasema avoka na juji, na nimeona mtu akiitikia kwa kichwa huku amenipoteza. Kama lugha ya moyoni ni Kibembe, Kinyamulenge au Kirundi, dai hiyo. Usipomwelewa mkalimani, inua mkono useme. Ni haki yako, na mkalimani mwaminifu haoni aibu. Kamwe usimtumie mtoto wako. Hastahili kuyabeba maneno hayo.

Kesi ya tatu, isiyo na jengo

Ya uhamiaji haina siku ya kuitwa. Inakaa kimya mpaka utakapoomba kitu.

Habari ya kutia moyo ipo. Mwaka 2004, katika kesi ya Josue Leocal, mkazi wa kudumu kutoka Haiti aliyekuwa ameshafukuzwa nchini kwa ajili ya DUI iliyojeruhi watu Florida, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu walikubaliana kwamba kuendesha umelewa namna hiyo si "kosa la ukatili" linalomfukuzisha mtu. DUI moja ya kawaida, ya pombe, bila mtoto garini, bila dawa za kulevya na bila leseni iliyofungiwa, kwa sheria hiyo haikupi tiketi ya kurudishwa ukiwa na grini kadi. Kila "bila" niliyoitaja ina uzito wake; ondoa moja, hali inabadilika.

Mbili ni hatari. Mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua kwamba aliyetiwa hatiani kwa DUI mbili au zaidi ndani ya kipindi kinachoangaliwa huchukuliwa kuwa hana mwenendo mwema, mpaka athibitishe vingine. Kwa mwombaji uraia kipindi hicho kwa kawaida ni miaka mitano, au mitatu kwa aliyeolewa au kuoa raia. Hata DUI moja itachunguzwa, na ukiwa bado chini ya masharti ya mahakama, ombi la uraia haliwezi kupitishwa. Mwenye viza ya masomo au kazi asubiri barua ya ubalozi: viza huweza kufutwa kwa kukamatwa tu, kabla ya hukumu. Wenye DACA, ule mpango wa kuwalinda walioletwa Marekani wakiwa watoto bila kibali, hupoteza sifa kwa hukumu moja.

Kisha mtego ambao umewanasa wengi. Waendesha mashtaka wa baadhi ya majimbo humpa mkosaji wa kwanza mpango huu: kubali kosa, hudhuria darasa, na kesi itafutwa. Kwa jimbo, imefutwa. Kwa uhamiaji, ukikubali kosa na ukapewa adhabu au sharti lolote, hiyo ni hukumu, hata karatasi ikija kuchanwa. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, si kufungwa tu. Anayejibu "hapana" kwa sababu kesi ilifutwa anajitengenezea kosa la uongo, ambalo mara nyingi humwangusha kuliko DUI yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kukubali chochote, mwambie wakili wako kwa maneno haya: mimi si raia, nataka kujua matokeo ya uhamiaji. Ana wajibu wa kukujibu. Haki hiyo tumeipata kupitia José Padilla, dereva wa lori aliyekaa Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kupigana Vietnam akiwa na jeshi la Marekani. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori, wakili wake akamwambia asihofu kwa kuwa amekaa siku nyingi, akakubali kosa, na akakuta kufukuzwa nchini ni karibu lazima. Tarehe 31 Machi 2010 Mahakama Kuu ilisema wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia kuhusu hatari hiyo. Msaidizi wa kujaza fomu mtaani kwenu, hata kama ni mzee wa kanisa, si wakili.

Adhabu, na bei yake halisi

Nichukue Texas kwa mfano. Mara ya kwanza ni hadi siku 180 jela, angalau saa 72, na faini hadi dola 2,000. Ukifika 0.15 inakuwa hadi mwaka mmoja na dola 4,000. Juu yake kuna tozo ya jimbo ya dola 3,000, au 6,000 kwa aliyefika 0.15. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 15 garini, ni kosa la jinai kubwa hata kama ni mara yako ya kwanza. New York ina sheria kama hiyo tangu 2009, kwa watoto wa miaka 15 kushuka chini. Familia inayotoka sherehe usiku na watoto wamelala kiti cha nyuma iyakumbuke hayo kabla ya kugawana funguo.

Wengi wa mara ya kwanza hawakai jela sana. Hupewa kifungo cha nje, madarasa ya pombe na kazi za jamii. Majimbo mengi pia huamuru kifaa cha kupuliza kifungwe garini, usipotoa pumzi safi gari haliwaki. New Mexico ndiyo iliyotangulia kukidai kwa kila aliyehukumiwa, mwaka 2005. Gharama ya kila mwezi ni yako, na dawa ya kusukutua yenye kilevi itakiamsha. Bima itapanda, na katika majimbo mengi utadaiwa cheti maalumu cha bima, SR-22, mara nyingi kwa miaka mitatu.

Dereva wa lori: hukumu ya kwanza, hata ukiwa na gari lako la nyumbani siku ya mapumziko, inakuondoa kwenye lori mwaka mmoja, au mitatu kama ulibeba mzigo wa hatari. Kukataa kipimo kunahesabiwa sawa. Mara ya pili ni maisha. Wauguzi nao wana bodi zao, ambazo kwingi hutaka zijulishwe. Soma kanuni ya bodi yako kabla mwajiri hajakuuliza.

Kama pombe imekushinda, anza tiba kabla hujaamriwa. Hakimu huona tofauti kati ya aliyejipeleka na aliyesukumwa, na daktari wa uchunguzi wa grini kadi ataulizia pombe vilevile. Ukipangiwa darasa la Kiingereza usilolielewa, mwambie wakili aombe lenye mkalimani. Cheti cha darasa ulilolala hakitakusaidia Jumamosi ijayo.

Siku kesi inapofungwa, usiondoke jengoni mikono mitupu. Nenda dirisha la karani, omba nakala zenye muhuri: shtaka, hukumu, na uthibitisho kwamba umemaliza kila kitu. Omba seti mbili. Mahakama zingine huteketeza majalada ya zamani, na ofisa wa uraia atayataka hata baada ya miaka kumi. Seti moja iweke na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ya pili ipige picha uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe.